Shairi la masizi



Mwezi uliopita wengi mlitusimamisha njiani, kwenye bomba la maji, hata nje ya kanisa, mkatuuliza: "Walimu, ni kweli munafundisha watoto kupaka karatasi masizi?" Wengine mliuliza kwa kucheka, wengine kwa hasira. Ni kweli, tunafundisha hivyo. Na ni kweli pia kwamba tulifanya kosa, kosa lililomgharimu mzazi mmoja siku mbili za foleni na usingizi wa siku nyingi. Tumeona ni afadhali tuandike yote hapa, tangu mwanzo, kuliko kila mtu kupata kipande chake kutoka kwa jirani.

Sisi ni walimu wawili wa kujitolea. Kila Jumamosi asubuhi tunakaa na watoto wa miaka 12 hadi 16 kuwasomesha Kiswahili katika darasa la kuazima. Siku ikiwa nzuri wanafika 40, siku ya mvua wanafika 15. Mnajua hali ya watoto wetu hapa Dzaleka. Shuleni ni Kiingereza na Kichewa. Nyumbani ni Kiswahili, Kibembe, Kifuliiru, Kirundi, Kinyarwanda, kila nyumba na mchanganyiko wake. Kiswahili wanakiongea vizuri sana, wanakipigia kelele uwanjani, lakini ni cha mdomoni. Ukimpa mtoto ukurasa wa Kiswahili anausoma kama mtu anayevuka mto kwa mawe, anaweka mguu, anatazama, anaweka mguu mwingine.

Na kuandika ndiyo ilikuwa shida kubwa zaidi. Tulikuwa tunawaambia: "Andika habari ya maisha yako, nusu ukurasa tu." Basi darasa linakuwa kimya kama usiku wa manane. Baadhi yao hawaandiki kwa sababu wanaogopa kukosea herufi na kuchekwa. Wengine hawaandiki kwa sababu wanajua vizuri mno ni kitu gani wangekiandika. Kwa miezi mingi tulikusanya madaftari yenye tarehe juu, kichwa cha habari, halafu weupe mtupu.

Ndipo mmoja wetu akakumbuka jambo alilolisikia kwenye semina ya walimu. Kuna namna ya kutunga shairi bila kuandika hata neno moja. Unachukua ukurasa uliokwisha kuchapwa, gazeti au kitabu kikuukuu, unachagua maneno machache unayoyataka, halafu unayafunika mengine yote kwa wino mweusi. Yale yanayobaki wazi, ukiyasoma kwa mfuatano wake, ndiyo shairi lako.

Si mchezo wa jana. Mwaka 1966 mchoraji mmoja wa Uingereza, Tom Phillips, alinunua London kitabu cha zamani kwa peni 3 za wakati ule. Kilikuwa riwaya ya W. H. Mallock iliyotoka mwaka 1892, ambayo watu walikuwa wameshaisahau. Akaanza kupaka rangi kurasa zake, moja baada ya nyingine, akiacha maneno machache tu yachungulie. Kazi hiyo aliiita A Humument, akaendelea kuifanya na kuirudia kwa miaka 50, toleo la mwisho likatoka mwaka 2016. Kule Marekani, Austin Kleon alifanya hivyo kwa magazeti na kalamu nene ya wino mweusi, akatoa kitabu chake mwaka 2010. Tangu hapo walimu wa nchi nyingi wameingiza zoezi hili madarasani.

Sasa, sisi kalamu nene za wino mweusi tungezitoa wapi? Moja tu sokoni ni bei ya nyanya za siku tatu, na watoto 40 wangeimaliza kabla ya saa nne. Tukasema, wino mweusi si kila mtu anao nyumbani? Uko chini ya sufuria. Tukawaambia watoto wakwangue masizi, wayapepete kwa kitambaa, walete kwenye vifuniko vya chupa. Tulipoyachanganya na maji matupu yalikataa kushika, yakikauka yanapukutika na kuchafua kila kitu. Halafu mtoto mmoja wa kike akasema kwao wanapotaka kubandika karatasi ukutani wanatumia uji mwepesi wa unga wa muhogo. Tukajaribu, ikashika vizuri kabisa. Brashi ni kijiti kilichotafunwa ncha kama mswaki. Karatasi zilikuwa matoleo ya zamani ya jarida hili hili mnalolisoma, pamoja na magazeti yaliyofungia maandazi. Haya ya maandazi yana taabu yake, kwa sababu penye mafuta masizi yanateleza.

Siku ya kwanza tuliwapa tangazo moja la zamani la maji, lilelile kwa darasa zima. Lilisema hivi:

"Tunawakumbusha wazazi kwamba maji ya bomba yatafunguliwa asubuhi tu. Kila mama aweke ndoo yake kwenye mstari, wala asiondoke. Watoto wasitumwe peke yao usiku. Atakayekuta bomba limefungwa asubiri hadi kesho."

Maneno 29, tuliyahesabu pamoja. Sheria zetu zilikuwa mbili: hakuna kuongeza neno, na hakuna kurudi nyuma, unakwenda mbele tu kama unavyosoma.

Hapo tulijifunza kitu ambacho hatukukitegemea. Katika Kiswahili huwezi kuokota maneno ovyo, kwa sababu maneno yetu yameshikana mikono. Kijana mmoja aliacha "watoto" akaruka mpaka "limefungwa". Darasa zima likapiga kelele: "Hapana, hiyo li ni ya bomba!" Akakuna kichwa, akatafuta tena, akatoa hili:

Watoto
peke yao
hadi kesho.

Miezi yote tuliyopiga ngeli ubaoni hawakutusikiliza hivyo. Sasa walikuwa wanagombana wenyewe kwa wenyewe kuhusu ya, li, wa na ki, kwa sababu kila mmoja alitaka maneno yake yasimame. Na yule anayeogopa herufi hakuwa na cha kuogopa, maana maneno yalikuwa yameshaandikwa sawasawa. Kazi yake ni kuchagua tu.

Kulikuwa na msichana wa nyuma, karibu na dirisha. Anaishi na shangazi yake. Darasani alikuwa anajibu "ndiyo" na "hapana", basi. Siku hiyo alipaka masizi polepole, akazungusha kijiti pembeni mwa kila neno kama anayepaka dawa kwenye kidonda. Alipomaliza aliuweka ukurasa juani ukauke, kisha akauleta mezani kwetu. Katika maneno 29 alikuwa ameacha 6:

Mama
asiondoke
usiku.
Asubiri
hadi kesho.

Tulimwomba ausome kwa sauti, akausoma. Darasa likanyamaza. Kisha mvulana mmoja, watoto ni watoto, akauliza: "Mama yako alienda wapi?" Msichana akamtazama, akasema: "Siyo mimi nimesema. Ni tangazo la maji."

Sisi wawili tulitazamana. Hapo ndipo tulipoelewa kwa nini zoezi hili lilifungua kitu ambacho daftari jeupe lilikuwa limekifunga. Ukimwambia mtoto aseme jambo zito, unamvua nguo mbele za watu. Lakini akiliokota katika karatasi ya watu wengine, anaweza kulishika mkononi, akalionyesha, na bado akasema si lake, ni la tangazo. Halafu tazameni lugha yetu ilivyo. "Asiondoke" ni neno moja tu, lakini ndani yake yumo mtu, kuna kukataza na kuna kuondoka, vyote pamoja. Mtoto hahitaji maneno mengi ili aseme mengi.

Msidhani kila Jumamosi ilikuwa ya huzuni. Tulipotumia makala ya vyandarua, kijana mmoja alipata sentensi hizi: "Chandarua si cha kuvulia samaki wala kufunikia kuku. Kitumike kila usiku, na pembe zake zichomekwe chini ya godoro." Yeye akaacha:

Kuku
kila usiku
chini ya godoro.

Darasa lilicheka mpaka jirani wakaja kuchungulia. Mama yake alipoona alicheka pia, akasema sasa kambi nzima imejua kuku wake wanalala wapi, wezi wasisumbuke kutafuta bandani.

Tuliwasimulia pia habari ya mahali tunapokaa. Wazee wanajua kwamba kabla ya kuwa kambi mwaka 1994, Dzaleka palikuwa gereza, na wakati wa Rais Kamuzu Banda walifungwa hapa watu wa siasa. Katika utawala huo, mwaka 1968, ilitungwa sheria ya kukagua vitabu, filamu na michezo ya kuigiza. Mshairi wa Malawi, Jack Mapanje, alitoa kitabu cha mashairi mwaka 1981, kikazuiwa. Mwaka 1987 alikamatwa, akakaa katika gereza la Mikuyu, karibu na Zomba, mpaka mwaka 1991 bila kushtakiwa mahakamani. Watoto walisikiliza wametoa macho. Mmoja akauliza: "Mwalimu, kwa hiyo sisi na mkaguzi tunafanya kazi moja? Yeye anafuta, na sisi tunafuta." Kabla hatujajibu, yule msichana wa dirishani akasema: "Mkaguzi anafuta lile analoogopa. Sisi tunaacha lile tunaloogopa." Hatukuwa na la kuongeza. Tulifunga kipindi.

Sasa tufike kwenye kosa letu.

Karatasi zilituishia. Matoleo ya zamani ya jarida yalikuwa yamekwisha, na ya maandazi yalikuwa mafuta matupu. Tukawaambia watoto: "Jumamosi ijayo kila mtu alete karatasi yoyote ya kwao yenye maandishi." Hivyo ndivyo tulivyosema. Karatasi yoyote. Hatukusema zaidi.

Ndugu zetu, sisi nasi ni wakimbizi. Sisi nasi tuna nailoni yetu ya karatasi, inayolala chini ya mto. Kadi ya familia, cheti cha shule, karatasi ya hospitali, barua ya ofisi. Tunajua kuna watu waliokimbia wakaacha ng'ombe, wakaacha nyumba na mlango wazi, lakini cheti wakakifunga kiunoni. Tunajua kwamba hapa mtu anaweza kusimama mbele ya meza akaambiwa hayupo, kwa sababu tu karatasi haipo. Tuliyajua yote hayo, na bado tukatamka mbele ya watoto neno "yoyote". Tulisahau kwamba katika nyumba zetu hakuna karatasi yoyote.

Kijana mmoja wa miaka 13 alileta karatasi nzuri, nyeupe, imekunjwa mara tatu. Ilikuwa ya Kiingereza. Siku hiyo tulikuwa na watoto wengi, mmoja wetu alikuwa anagawa uji wa muhogo, mwingine anaamua ugomvi wa vijiti. Hakuna aliyemtazama. Tulipokuja kuiona ilikuwa imeshakauka. Ilikuwa barua ya kuiita familia yao ofisini kwa mahojiano. Alikuwa ameipaka yote, jina la baba, siku, saa, namba ya chumba. Alikuwa ameacha maneno matatu, ambayo kwa Kiswahili ni haya:

Familia
wote
wapo.

Tulipomuuliza kwa nini aliichukua, alisema: "Niliona inakaa tu kwenye nailoni. Hakuna mtu anaisoma." Kwa nini aliacha maneno hayo, hatukumuuliza. Familia hiyo si wote wapo. Mengine ni ya kwao, hatutayaandika hapa.

Tulijaribu kuifuta kwa pamba yenye maji. Uji wa muhogo ulikuwa umeshashika, na karatasi ikaanza kuchanika. Tukaiinua juani tuone maandishi kwa ndani, lakini wino wa mashine na masizi vyote ni vyeusi, hakuna kinachoonekana. Ikabidi tumpeleke kijana kwao, na barua mkononi.

Baba yake alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba, anatengeneza redio. Tuliisema habari yote wenyewe, hatukumwachia mtoto. Akaipokea ile karatasi, akaigeuza mbele na nyuma. Hakupiga kelele. Alisema polepole: "Walimu, mulimufundisha mutoto yangu kufuta jina ya baba yake?"

Tukasema: "Papa, tusamehe. Kosa si la mtoto, ni letu."

Akasema: "Ile karatasi ilikuwa na siku. Sasa siku ni gani?" Yeye Kiingereza hasomi. Jirani alikuwa amemsomea mara moja tu, akaikunja na kuiweka salama. Alikumbuka ni mwisho wa mwezi. Jumanne au Alhamisi, hakuwa na hakika. Na mwisho wa mwezi ulikuwa wiki ile ile.

Jumatatu saa kumi alfajiri tulikuwa kwenye foleni, yeye, kijana na sisi wawili, na kadi ya familia mkononi. Siku hiyo tuliambiwa mhusika hayupo. Usiku hatukulala, kwa sababu kesho yake ilikuwa Jumanne, na kama siku yenyewe ilikuwa Jumanne, basi tungefika kwenye foleni ya kuulizia huku jina lao likiitwa chumba kingine. Jumanne tukarudi saa tisa usiku. Saa tano tuliingia. Tulieleza mambo ya shairi na masizi, na yule aliyetupokea alitutazama kama watu waliopigwa na jua. Lakini alichukua kadi, akatafuta namba, akatoa nakala nyingine. Ilikuwa Alhamisi. Zilikuwa zimebaki siku 2. Mmoja wetu alikaa chini pale pale nje ya mlango, miguu ilikuwa imekwisha nguvu.

Alhamisi walienda, wakahojiwa. Majibu ni ya kusubiri, kama tunavyosubiri wote.

Jumamosi iliyofuata hatukufundisha. Tuliita mkutano wa wazazi. Walikuja wengi kuliko siku yoyote ya kusoma. Wengine walisema zoezi hili lisimamishwe, watoto warudi kwenye imla na hesabu. Baba mmoja alisema: "Leo barua, kesho watafuta Biblia." Tulinyamaza, maana walikuwa na haki ya kukasirika.

Kisha akasimama mzee mmoja aliyekulia Buyenzi, kule Bujumbura, mtu anayejua mashairi ya kale kwa moyo. Alisema yeye ana tatizo lingine kabisa. Alisema: "Hayo si mashairi. Shairi lina vina, lina mizani. Hizo ni guni." Tukampa ukurasa wa msichana wa dirishani. Akavaa miwani, akausoma, akanyamaza kidogo. Halafu akaanza kuhesabu kwa vidole: "A-su-bi-ri-ha-di-ke-sho." Akahesabu tena. "Nane," akasema. "Huu mstari ni mizani 8. Mutoto hajui, lakini sikio lake linajua." Akatushauri tusiache, ila wakubwa tuwafundishe kuhesabu mizani katika maneno wanayoyachagua. Sasa anakuja mwenyewe Jumamosi moja kila mwezi, na watoto wanamwogopa kuliko sisi.

Wa mwisho kusimama alikuwa shangazi ya yule msichana. Alisema maneno machache: "Huyu mutoto tuko naye miaka mitatu. Jina ya mama yake hajalitaja hata siku moja. Siku anasema, alisemea kwenye tangazo ya maji. Musimufungie bomba." Akakaa. Mkutano ukaamua tuendelee, lakini kwa masharti.

Masharti ni haya, na tunaomba kila nyumba iyajue:

1. Hakuna mtoto anayeleta karatasi kutoka nyumbani mpaka mzazi aweke alama ya msalaba pembeni kwa mkono wake mwenyewe. Karatasi isiyo na alama inarudi nyumbani siku ile ile.

2. Kadi, vyeti, barua za ofisi, karatasi za hospitali, picha za familia na vitabu vitakatifu havigusi masizi kabisa, hata kama mzazi ameruhusu.

3. Mwalimu mmoja anasimama mlangoni na kutazama kila karatasi kabla haijaingia.

4. Shairi ni mali ya mtoto. Akitaka kulisoma atalisoma, akitaka kulificha tutalificha. Asiulizwe "ulimaanisha nini" mbele za watu.

Kama mnataka kujaribu nyumbani jioni, ni rahisi. Chukueni jarida hili mkishalimaliza. Someni ukurasa wote mara mbili kwanza, pamoja, kwa sauti. Mtoto azungushie kwa penseli maneno anayoyapenda, yasizidi 10. Asome yaliyozungushiwa peke yake, aone kama yanashikana, na kama hayashikani abadilishe kabla ya kupaka, kwa sababu masizi hayarudi nyuma. Kisha apake mengine yote, aanike juani. Nyuma aandike jina lake na tarehe. Akina mama, tunawaomba radhi kuhusu nguo. Masizi yakikauka kwenye nguo yanakula sabuni nyingi, afadhali mtoto avae nguo ya zamani. Na sufuria zenu, mtaona, zimeanza kung'aa chini.

Na ninyi wazazi jaribuni wenyewe. Mama mmoja asiyejua kusoma vizuri alikaa na binti yake, binti anasoma maneno kwa kidole, mama anasema "hilo liache, hilo funika". Wamefanya kurasa nne. Anasema sasa anatambua neno "kesho" popote analoliona.

Yule kijana wa barua hakuja Jumamosi tatu. Ya nne alikuja amechelewa, na gazeti la maandazi lenye alama ya msalaba wa baba yake pembeni, mkubwa kama wa kanisani. Alikaa mahali pake, akaomba masizi. Tulipokuwa tunakusanya vitu alitwambia, bila kuulizwa, kwamba ile barua iliyoharibika baba yake hakuitupa. Aliinyoosha kwa mkono, akaikunja mara tatu kama ilivyokuwa, akairudisha kwenye nailoni pamoja na nyingine.

Tunawakaribisha Jumamosi saa tatu. Mungu azilinde familia zetu, walio hapa na wasio hapa.

Ni sisi walimu wenu wa Jumamosi.